Besi Yenye Nafasi Mbili

Mwalimu Bramwel alitandika gazeti sakafuni mwa chumba chake cha chini, akaziweka pikapu mbili juu yake, akazitazama kama mtu anayetazama samaki anayemshuku kuwa ameoza. Mlango ulikuwa wazi, kama heshima inavyotaka. Nje ya mlango, kwenye ngazi, aliketi Bi Shifaa mwenye nyumba akishona kofia, na ngazi moja juu yake mama mkwe wake, Bi Kulthum, akichambua mchele. Ilikuwa Jumamosi baada ya alasiri, na mtaa mzima wa Mkomani, Lamu, ulinuka nazi ya kukaanga.

Pikapu, kwa asiyeijua, ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba. Hukaa chini ya nyuzi za gitaa la umeme, ikanasa mtetemo wake na kuupeleka kwenye spika. Gitaa la umeme lisilo na pikapu ni ubao tu. Bramwel alikuwa na ubao mzuri sana: gitaa la besi alilolichonga mwenyewe kutoka kipande cha mbambakofi kilichobaki kwenye fremu ya mlango, zito kiasi kwamba ukilitundika begani unapinda upande mmoja kama mtu aliyebeba mtungi wa maji. Alikuwa ameshalichimbia nafasi mbili za pikapu, moja karibu na shingo na nyingine karibu na daraja linaloshika nyuzi. Kilichobaki ni kuchagua cha kutia humo.

"Hii mpya kutoka Nairobi ina sauti safi," aliwaambia wanawake wale, ingawa hawakumuuliza. "Safi mno. Haina mtu ndani. Na hii nyingine niliitoa kwenye gitaa bovu la mzungu. Friji yenu ikinguruma, nayo inanguruma."

"Basi tia ya friji," Bi Kulthum akasema. "Angalau ina kazi."

Bramwel alikuwa mtu wa Vihiga, mwalimu wa fizikia, mpangaji asiye na makuu. Kanisa lake lilikuwa na kinanda na ngoma, halikuwa na besi, na alizoea kusema kwamba kuimba bila besi ni kula ugali bila mboga. Bi Kulthum alikuwa akimjibu kwamba kwake yeye hata ugali wenye mboga ni adhabu. Hivyo ndivyo walivyoishi, kwa utani na amani.

Kwa kuwa pikapu zote mbili zilimchukiza, mwalimu aliamua kusuka yake. Alikuwa na sumaku kutoka spika iliyokufa, na waya alioutoa kwenye redio kuukuu, mwembamba kuliko unywele. Lakini vidole vyake vilikuwa vinene, na kila akizungusha kidogo waya ulikatika. Alianza upya, ukakatika. Akaanza tena.

"Mwalimu," Shifaa akamwambia bila kuinua macho, "unauvuta kama unavuta ng'ombe. Lete."

Alimpa. Shifaa aliiweka kofia pajani, akashika kibao kilichobeba ile sumaku, akaanza kuzungusha.

Hapa lazima niseme jambo la kofia. Kofia ya Lamu ya kazi ya mkono ina vitobo vidogo vidogo visivyo na idadi, na kila kimoja huzungushiwa uzi mpaka kikaze. Wanawake wa ukoo wa Shifaa, wakifika kila kitobo, hutaja jina la atakayeivaa, kwa sauti ya kujisikia wenyewe tu, ili kofia isije ikakubali kichwa kingine. Shifaa alifundishwa hivyo akiwa msichana, na tangu aolewe hakuwahi kushona kofia ya mtu yeyote ila mumewe, Muhdhar. Vidole vyake na midomo yake vilikuwa vimezoeana kama mume na mke. Vidole vikizungusha, midomo inataja.

Basi alipokuwa akizungusha waya, midomo ikawa inacheza. Mwalimu aliiona, akadhani mama wa watu anamhesabia mizunguko, akashukuru moyoni. Shifaa mwenyewe hakujijua. Alasiri hiyo na nyingine iliyofuata alisuka waya maelfu ya mara, na kila mzunguko ulikuwa na jina la Muhdhar.

Muhdhar alikuwa fundi wa injini za boti upande wa Ras Kitau, kwenye mahoteli. Mwaka juzi, asubuhi kweupe, boti isiyo na jina wala namba ilifika gatini ikiwa na wanaume kadhaa waliovaa kama watalii, ila viatu vyao havikuwa vya kitalii. Walisema injini yao inakwamakwama. Muhdhar akachukua mkoba wake wa spana, akapanda kuitazama, na injini iliyokuwa ikikwamakwama ikawaka mara moja. Watu wa gatini walimwona akisimama ndani ya boti, akionyesha kwa kidole tangi la mafuta, mpaka boti ikapotea nyuma ya mikoko. Tangu siku hiyo kila afisi aliyokwenda Shifaa ilimwelekeza kwenye afisi nyingine, na ile nyingine ikamrudisha ya kwanza.

Alimwendea sheikh kuuliza kama akae eda. Sheikh, mtu mpole, alimwambia eda ni ya mke wa maiti, na maiti haijaonekana. Shifaa akabaki katikati ya njia: si mjane wa kufarijiwa, si mke wa kumpikia mtu. Na alimtamani mumewe. Hakuna neno la adabu zaidi la kulitumia. Alitamani harufu ya mafuta ya injini kwenye shuka, alitamani hata kile kikohozi chake cha asubuhi kilichokuwa kikimuudhi. Alishona kofia, akaitia sandukuni, akaanza nyingine, kwa maana mtu akirudi kutoka mbali hurudi na kichwa kitupu.

Koili, yaani ule waya uliosukwa, ilipokamilika, Jumatatu Bramwel aliifunika kwa nta, akaitia kwenye nafasi ya karibu na daraja, akalehemu nyaya zake, akafunga nyuzi nne na kuwasha spika. Akaupiga uzi mnene.

Hakikutoka sauti ya besi. Yalitoka matone ya maji yakidondokea kitu cha plastiki, tone baada ya tone, na mbali kidogo mlango wa chuma uliofungwa kwa kishindo. Bramwel aliinama akatazama kazi yake ya kulehemu. Ilikuwa sawa. Akaupiga uzi mwembamba, na Muhdhar akakohoa.

Shifaa aliisimamisha sindano. Bi Kulthum aliendelea na mchele mpaka akamaliza uliokuwa kiganjani, kisha akasema, "Mwanangu meshikwa na mafua. Nalimwambia asilale sakafuni."

"Si kosa la waya," Bramwel akasema. "Waya ungekuwa na kosa tusingesikia kitu."

"Ni yeye," Shifaa akasema. "Piga tena, Mwalimu."

Akapiga tena. Waligundua kanuni zake upesi, kwa kuwa Bramwel alikuwa mtu wa maabara. Uzi mnene ulisikia mbali: matone, mlango, jenereta, buti za mtu anayepita. Nyuzi zilivyozidi kuwa nyembamba ndivyo zilivyosikia karibu, na ule wa mwisho ulikuwa karibu kabisa, pumzi na kumeza mate. Usipopiga, husikii. Ukipiga kwa nguvu, pumzi inakuja kwa nguvu. Mwalimu aliyaandika kwa chaki kwenye ubao wake mdogo wa kufundishia, akayafuta, kwa kuwa hayakuwamo kwenye mtaala.

Kabla ya magharibi Muhdhar alisema jambo la kwanza. Sauti yake ilikuwa imekauka, lakini ilikuwa yake, na aliuliza kwa adabu, kama mtu anayeuliza dukani, "Leo ni siku gani?"

Hapakuwa na aliyemjibu huko aliko. Tone likadondoka.

"Jumatatu," Shifaa akasema mbele ya spika.

"Bi Shifaa," Bramwel akasema taratibu, "hii hupokea tu. Haipeleki. Ni sikio, haina mdomo."

"Najua. Lakini mtu akiuliza ndani ya nyumba hii hujibiwa."

Ikawa ndiyo kazi ya kila alasiri. Mwalimu akirudi shuleni huvua viatu, hunawa, huchukua besi, na wanawake wawili hukaa kwenye ngazi kusikiliza. Bi Kulthum alipika chai ya tangawizi kwa ajili ya mafua, akaiweka kikombeni kando ya spika, na ikishapoa huinywa mwenyewe kwa niaba ya mwanawe. Alasiri nyingine Muhdhar alilala tu. Nyingine alisoma Yasini, akakosea mahali palepale alipokuwa akikosea tangu utotoni, na mama yake akamsahihisha. Kila siku aliuliza siku. Shifaa alijibu. Kumsikia hakukumpunguzia kiu hata kidogo, kulimzidishia, kama mtu aliyewekewa maji nyuma ya kioo. Hata hivyo hakukosa alasiri hata moja.

Sheikh aliitwa, akasikiliza kwa makini mpaka mwisho. Alisema sasa jambo limekuwa wazi kuliko zamani: mwanamume anayepumua ni mume, na mkewe ni mke. Eda haipo. Akauliza kama anaweza kusikia Yasini tena, akaondoka akipangusa macho.

Kwa kuwa sasa walikuwa na ushahidi, walikwenda nao serikalini. Besi ilipakiwa juu ya punda, spika upande wa pili, na Bi Kulthum akatangulia mbele akiwa na buibui lake la sikukuu. Afisi waliyoelekezwa safari hii ilikuwa na bwana mmoja mstaarabu aitwaye Phineas, ambaye aliwapa viti, akawaonyesha tundu la umeme karibu na birika, na kukoroga chai yake wakati Bramwel akikaza nyuzi.

Bramwel akapiga. Yakasikika matone. Ikasikika pumzi, kisha sauti kavu ikauliza, "Leo ni siku gani?"

"Alhamisi," Bwana Phineas akasema, akikoroga.

Kijiko kikasimama. Aliutazama mlango, akautazama ukuta, kisha akairudia chai yake na kuikoroga upande wa pili.

"Mama, nimetafuta jina hilo," akasema. "Hayumo kwetu. Hayumo popote."

"Kama hayumo," Shifaa akauliza, "umemjibu nani?"

"Nimelijibu gitaa."

Akakitoa kijiko kikombeni. Kisha Bwana Phineas, kwa sauti ya mtu anayemtakia mwenzake heri, alimwambia Bramwel, "Mwalimu, wewe ni mtumishi wa serikali, na si mtu wa hapa. Ala kama hii ni ya kupigia kanisani. Punguzeni sauti mkiwa mnatoka, kuna watu kwenye korido."

Walitoka. Njia nzima Bi Kulthum alimshika punda kamba. Walipofika nyumbani alimwondolea punda mzigo kwa mikono yake mwenyewe, akasema, "Yule bwana yuwamjua. Memjibu kama mtu alozoea kuulizwa." Wote watatu walikuwa wamekwisha kuliona hilo.

Wiki hiyo kanisa lilikuwa likimngoja Bramwel. Vijana walikuwa wamekwisha kutangaza kwamba Jumapili ya mavuno kutakuwa na besi, na Gakii mpiga kinanda alikuwa amepanga nyimbo zote upya. Lakini besi yenye sauti ya mtu mmoja tu haiwezi kuongoza kwaya. Mwalimu alikaa na gazeti lake na pikapu zake tena. Mwishowe aliitia ile ya Nairobi kwenye nafasi ya karibu na shingo, akaweka na vifundo viwili vya kuzungusha, kimoja cha kila pikapu, ili Muhdhar aweze kufungwa na besi ikasikika kama besi.

"Usimfunge kabisa," Shifaa akamwomba. "Mwache kidogo. Huko aliko mefungwa vya kutosha."

Mwalimu akamwacha kidogo. Jumapili hiyo, chini ya nyimbo za mavuno, palisikika pumzi ya mwanamume, na waimbaji, bila kuambiana, walipunguza mwendo mpaka wimbo ukalingana nayo. Sauti nene ya besi ilijaa kanisa, na Bramwel, aliyekuwa na mkewe Nerea huko Vihiga na alikuwa hajamwona tangu likizo ya mwaka jana, alijisikia nyumbani kwa mara ya kwanza tangu avuke kuja kisiwani. Sauti kavu ilipouliza siku, kanisa zima likajibu, "Jumapili." Mchungaji akamwombea ndugu yule, akaendelea na matangazo. Nje ya ua, chini ya kivuli cha ukuta, Shifaa na Bi Kulthum walisikiliza mpaka mwisho, kisha wakarudi zao kupika.

Siku moja Shifaa alimuuliza Bramwel kama angependa asukiwe koili ya Nerea. Alifikiri kidogo, akakataa. Walikuwa na simu.

Habari haina miguu lakini hutembea. Ilivuka mpaka kisiwa cha Pate, ikapita Siyu, ikafika Mbwajumali, na alasiri moja akabisha hodi mwanamke mmoja mfupi mwenye uso uliokaushwa na jua la shamba. Alijitaja kuwa Kadija. Alikaribishwa, akapewa maji, akanywa nusu. Kisha akakunjua leso na kutoa koili.

Ilikuwa imesukwa vizuri sana. Waya ulikuwa wa redio ya marehemu mumewe, na mzunguko ulikuwa umelala juu ya mzunguko bila kupandana. Kwao pia, alisema, mwanamke hutaja jina kwenye kila kitobo. Jina alilolitaja humo ni la mwanawe, Amjad. Amjad alikuwa anaoa. Mama alikuwa amemshonea kofia ya harusi, na viatu Amjad alikwenda kuvifuata mwenyewe Siyu kwa mafundi wa ngozi, kwa ile njia ya miguu. Viatu vilionekana njiani, vipya, vimewekwa sawasawa pembeni kama vya mtu aliyeingia msikitini. Ilikuwa zaidi ya miaka mitatu. Mchumba alikuwa amekwisha kuolewa kwingine na kuzaa, na Kadija hakumlaumu.

"Nimeambiwa besi yenu ina nafasi mbili," akasema.

Shifaa akaishusha kofia pajani. Aliitazama besi, akaitazama pikapu ya mumewe karibu na daraja, na ile nyeusi ya Nairobi karibu na shingo. Kanisa halikuwa lake wala ala haikuwa yake, na hakuwa na haki ya kumwomba mtu atoe cha kwake. Alijua pia kwamba kama mwalimu atakataa, itabidi atoke Muhdhar, kwa maana aliyesikia kila siku hawezi kumfungia mlango asiyesikia hata siku moja. Akaishika ile kofia kwa mikono miwili.

Bramwel alikuwa ameinama juu ya meza. Alikaa hivyo kwa muda, akikigeuzageuza kifundo cha besi. Alifikiria ile sauti nene ikijaa kanisa. Aliifikiria kwa uchungu, kwa kuwa hakuwa na kingine hapa cha kumfanya asahau umbali.

"Kanisani kuna ngoma," akasema. "Nitapiga ngoma."

Akachukua bisibisi, akafungua pikapu ya Nairobi, akaiweka juu ya gazeti. Akaitia ya Kadija mahali pake, akalehemu nyaya. Moshi mwembamba ukapanda, na Bi Kulthum akauvuta mlango uzidi kuwa wazi. Kisha, kwa heshima ya mgeni, Bramwel alikifunga kifundo cha Muhdhar kabisa ili Amjad asikike peke yake. Ilikuwa mara ya kwanza. Shifaa alikiona kidole kikizungusha, akauma mdomo.

Mwalimu akaupiga uzi mnene. Hakikusikika kitu: si tone la maji, si mlango, si buti. Akaupiga wa pili, na wa tatu. Akaupiga ule mwembamba wa karibu kabisa, akauacha ulie mpaka utulie wenyewe, na spika ikabaki inapumua umeme wake tu.

Bramwel alikagua kazi yake. Ilikuwa imara. Akaigusa koili kwa kipimo chake cha umeme, na koili ilikuwa nzima kutoka mwanzo hadi mwisho, haikukatika popote. Alikiweka kipimo chini polepole. Alikuwa mwalimu wa fizikia, na alijua koili nzima isiyosikia kitu inasema nini. Akamtazama Shifaa, na Shifaa akawa anatazama sakafu.

Kadija alikuwa amesogea mpaka sikio lake likakaribia spika. Mtandio ulikuwa umemteleza begani na hakuwa na habari nao.

"Labda melala," akasema.

Bi Kulthum alilishusha sinia la mchele kutoka pajani. Alimtazama mgeni kwa muda mrefu, mama kwa mama.

"Saa hizi watu hulala," akasema. "Yua kali."

"Hata Muhdhar hulala saa hizi," Shifaa akaongeza.

"Amjad ni mtu wa usingizi," Kadija akasema, na uso wake ukalainika. "Tangu mdogo. Ukimwamsha hukasirika, siku nzima husemi naye. Nitangoja. Boti ya kurudi hata ikiondoka, nitalala hapa kama mtaniruhusu."

"Hapa ni kwako," Shifaa akamwambia.

Akajisogeza, akampa nafasi kwenye ngazi. Kadija akaketi kati ya wanawake wale wawili, mikono pajani, macho kwenye spika. Bramwel akaendelea kupiga uzi ule mwembamba kwa ncha ya kidole, na baada ya muda akanyoosha mkono akapunguza sauti ya spika, asije akamwamsha.